Majogoo Wakizidi Nyumbani



Juma hili tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliacha mpaka lituumize: majogoo wanapozidi nyumbani.

Mwezi wa tisa nilikosa pesa ya madaftari ya watoto. Nikauza kuku jike wawili. Majogoo niliwaacha, kwa sababu baba watoto alisema watafaa siku wageni wakija. Nikabaki na majike watano na majogoo sita. Majuma machache yalipopita, mayai yakapunguka. Majogoo walipigana mpaka damu, na majike walipandwa ovyo hata manyoya ya mgongo yakaisha. Jike aliyetaga kuliko wote akakimbilia kwa jirani, akawa anatagia huko. Mimi mwalimu nilikuwa nimeuza mbegu nikabaki kupalilia magugu!

Tufanye hesabu. Kuku jike hutaga hata bila jogoo. Jogoo anahitajika tu ili mayai yatoe vifaranga, na mmoja anatosha majike 8 mpaka 10. Mayai yakianguliwa siku ya 21, karibu nusu ya vifaranga huwa majogoo. Jogoo mkubwa, kama chakula chote kinatoka mkononi mwako, hula karibu gramu 100 kwa siku. Watano wasio na kazi wanamaliza kilo 15 kwa mwezi.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, wakifikisha miezi mitatu, tazama kilemba cha kichwani. Cha jogoo ni kikubwa na chekundu zaidi. Chagua mmoja wa kubaki: mwenye afya, miguu imara, asiyeumiza majike wala kurukia watoto.

Pili, usimwache jogoo apande mama yake na dada zake mwaka kwa mwaka; vifaranga watakuwa dhaifu. Badilishana jogoo na mama wa mtaa mwingine. Yule mgeni umfungie peke yake majuma mawili kwanza, asilete ugonjwa.

Tatu, wengine uwauze wakiwa na miezi mitano au sita. Kama Noeli na Bonane ziko karibu, ngojea kidogo, bei inapanda. Tukienda sokoni kwa kikundi, mnunuzi hatatupangia bei yake. Lakini kuku mgonjwa tusimuuzie mtu.

Nne, mmoja mpike nyumbani. Na mama naye apate kipande cha nyama, si mchuzi tu.

Kwangu, kazi ngumu haikuwa hesabu. Kijana wangu wa miaka minane alimpenda jogoo mmoja, akamwita Kapita, kwa sababu ndiye alimwamsha aende masomo. Lakini Kapita ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Sikumdanganya mtoto. Nilimwita, nikamwonyesha mgongo wa yule jike, nikamwomba aniambie mwenyewe tufanye nini. Alinyamaza sana. Kisha akasema: «Mama, tumuuze, lakini tusimle.» Usiku ule hakugusa bukari.

Tulimpeleka sokoni pamoja. Pesa yake ilinunua madaftari manne na kalamu, na ile iliyobaki niliweka kwenye likelemba. Majike sasa wametulia, na yule mkimbizi amerudi kutagia nyumbani.

Baba watoto aliniuliza wageni watakula nini. Nikamjibu: mayai yapo.

Tuonane juma lijalo.