Nani Aliyemkondesha Binti wa Ngano?

Kila unapozuka mjadala wa binti mnene kuwa shujaa wa hadithi ya mapenzi, sauti mbili husikika. Ya kwanza ni ya walinzi wa zamani: ngano ni amana, wanasema, na binti mfalme tangu hapo alikuwa mwembamba, anayemnenepesha leo anaichezea amana ya watu. Ya pili hutoka pwani, nayo husemwa kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda: hayo ni maradhi ya Wazungu, kwani kwetu mnene ndiye mrembo, na aliyekonda ndiye anayeulizwa kama anaumwa. Sauti hizi zinaonekana kupingana. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, na zote mbili zimekosea.

Walinzi wa zamani wangeanza kwa kuisoma hiyo zamani wanayoilinda. Charles Perrault alipochapisha hadithi ya Cendrillon mwaka 1697, ambaye dunia sasa inamwita Cinderella, hakumpima shujaa wake kiuno. Alisema ni mzuri na ni mwema, mengine akamwachia msikilizaji. Wanaohangaika na viuno katika hadithi ile ni dada zake wa kambo. Hao ndio waliopitisha karibu siku mbili bila kutia kitu kinywani kwa furaha ya kualikwa dansini, na hao ndio waliokazwa mavazi yao hata zikakatika kamba zaidi ya kumi na mbili, ili viuno vyao vionekane vyembamba. Perrault anayaeleza hayo kwa kicheko. Kujikaza kiuno kwake ni alama ya upuuzi.

Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walioanza kuchapisha ngano zao mwaka 1812, hawakucheka, walitisha. Kwao, dada wa kambo wanajikata miguu kwa shauri la mama yao, mmoja vidole, mwingine kisigino, ili kiatu kiwaingie, na damu ndiyo inayowaumbua njiani. Zaidi ya hayo, katika hadithi ya Snow White, malkia mwovu hakuanza na tofaa la sumu kama wengi wanavyodhani. Tofaa lilikuwa hila ya tatu. Ya pili ilikuwa kitana chenye sumu. Na ya kwanza? Ya kwanza ilikuwa kamba nzuri ya kufungia vazi kiunoni. Malkia alijigeuza bibi mchuuzi, akajitolea kumfunga binti yule kamba mpya, akamkaza hata pumzi zikamkatika akaanguka kama maiti. Wale vijeba waliporudi nyumbani waliikata kamba, naye akavuta pumzi, akafufuka.

Kwa hiyo zamani yenyewe imekwisha kutoa hukumu. Kamba inayobana kiuno cha mwanamke ni silaha ya mchawi, na anayempenda mwanamke huyo huikata. Hakuna mwandishi wa leo, awe mtetezi wa wanene kiasi gani, aliyepata kulisema jambo hilo kwa ukali kuliko walivyolisema wasimulizi kupitia kalamu za Grimm.

Basi binti wa ngano alikondeshwa na nani? Alikondeshwa na picha. Neno «mzuri» katika masimulizi ni mlango ulio wazi: kila msikilizaji huingia na mzuri wake. Picha huufunga mlango huo, ikamchagulia kila mtu mzuri mmoja. Mwaka 1937 kampuni ya Walt Disney ilipotoa filamu ya Snow White, iliitupa hila ya kamba na ile ya kitana, ikabakiza tofaa peke yake. Mwaka 1950 ikaja Cinderella, na kiuno chake ni kile walichokitamani dada wa kambo wa Perrault hata wakakata kamba dazeni nzima. Ndivyo ulivyofanyika ujanja mkubwa kuliko wote: filamu iliiondoa kamba, ikakibakiza kiuno. Mtoto anayetazama haoni anayekaza, haoni anayekosa pumzi. Anaona umbo lililokwisha kukazwa, anaambiwa ndivyo Mungu alivyomuumba mzuri. Na unene ulipopewa nafasi, ulipewa nafasi ya uovu: mwaka 1989, katika filamu ya nguva mdogo, mwili mnene ni wa Ursula, mchawi wa baharini, na mwembamba ni wa binti anayestahili kuolewa.

Hayo ndiyo waliyoinuka kuyapinga Wamarekani walioanzisha chama cha kutetea haki za watu wanene mwaka 1969, miaka mingi kabla wauza sabuni na nguo hawajaligundua jambo hilo na kulifanya tangazo la biashara. Hawakudai kuitwa warembo. Walidai kazi, matibabu yenye heshima, na kiti kinachomtosha mtu. Hadithi za mapenzi zilichelewa kuwafuata, na zilipowafuata mara nyingi zilijikwaa. Mwaka 2001 zilitoka filamu mbili zenye kutoa funzo. Katika Shallow Hal, mwanamume anarogwa apate kuona uzuri wa ndani wa watu. Na uzuri wa ndani wa mwanamke mnene, anapouona, ni mwanamke mwembamba! Filamu nzima imejengwa juu ya tusi lililovikwa joho la sifa. Shrek ilithubutu zaidi: Fiona, binti mfalme mwembamba mchana na zimwi nene usiku, anapofunguliwa uchawi kwa busu hubaki zimwi, naye hupendwa vivyo hivyo. Huo ulikuwa ushindi, ila ushindi wenye kasoro, kwani filamu hiyohiyo haichoki kumcheka bwana mwovu kwa sababu ya ufupi wake. Ilimwondoa mnene kwenye meza ya kuchekwa, ikampandisha mfupi.

Mwandishi wa Kimarekani Julie Murphy alikwenda mbele kwa hatua moja katika riwaya yake If the Shoe Fits ya mwaka 2021, iliyotolewa na tawi la uchapishaji la Disney hiyohiyo iliyochora kile kiuno. Shujaa wake, Cindy, ni msichana mnene aliyesomea ubunifu wa viatu, anayejikuta katika mashindano ya televisheni ya kutafuta mchumba. Anapofika, nguo za mashindano hazimtoshi. Ubora wa riwaya hii umo katika swali linalozuka hapo: kosa ni la mwili au la kabati? Binti hakondi ndipo apendwe, wala hanyimwi tamaa zake, ufundi wake, wala haki yake ya kukataa.

Wapo watakaoinuka hapa na hoja ya tabibu: unene huleta kisukari na shinikizo la damu, na hadithi isiyapambe maradhi. Tabibu aheshimiwe, na kazi yake ibaki kwake. Lakini hoja hii ina aibu moja: humfuata mwanamke peke yake. Ngano zimejaa wafalme wenye vitambi, waliokaa juu ya viti vya enzi na sahani za nyama mbele yao, na hakuna msomaji aliyepata kuuliza shinikizo la damu la mfalme. Kitambi chake kimeitwa haiba. Iweje binti yake aombwe cheti cha hospitali kabla ya kupendwa?

Sasa igeukiwe sauti ya pwani, ile yenye tabasamu. Ni kweli kwamba pwani haikuuogopa unene kama walivyouogopa wachoraji wa filamu. Mtoto wa kambo anayepewa ukoko ni sura inayojulikana katika ngano za huku, na dhuluma husomwa kwenye mbavu zake. Kunawiri kwake ni dalili kwamba haki imerudi. Mwali huwekwa ndani, akalishwa, akasingwa, ili atoke amenona na kung'aa. Haya yana uzuri wake na hayana haja ya kuombewa radhi.

Lakini mwenye kudai kwamba pwani imeponea hapo na ayapitie mashairi ya mapenzi ayapendayo. Humo atakikuta kiuno cha nyigu, kimesifiwa vizazi kwa vizazi. Nyigu si mdudu mnene. Mrembo wa washairi hutakiwa ajae juu, ajae chini, akatike katikati. Unene wake ni halali pale tu ulipoelekezwa ukae. Aliyenenepa tumbo huitwa pipa, na aliyekonda huitwa ng'onda au kimbaumbau, na majina hayo hutolewa barazani kwa sauti ya juu, mwenyewe akipita. Je, hiyo ndiyo jamii isiyo na maradhi?

Na hata kama unene wote ungesifiwa, bado sifa ingeweza kuwa kamba. Mauritania iko mila iitwayo leblouh: wasichana wadogo hulazimishwa kunywa maziwa na kula hata wakatapika, ili wanenepe waolewe. Huko mnene ndiye mrembo, sawasawa na madai ya barazani, na msichana analia mbele ya bakuli kama mwenzake wa Ulaya alivyokuwa akikosa pumzi ndani ya vazi la kamba. Kumkaza na kumshindilia ni tendo moja: ni kumkata mtu ili aingie katika kiatu.

Zanzibar ina ushahidi wake wa karibu zaidi. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba aliyekuja mjini kuuza vyungu akaishia kuwa sauti ya taarab iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, alisimangwa na mahasidi kwa nasaba yake na kwa sura yake. Angeweza kujibu kwamba yeye pia ni mrembo, au kwamba urembo una sura nyingi, kama yanavyojibu matangazo ya siku hizi. Hakujibu hivyo. Jibu lake katika wimbo lilikuwa kwamba sura na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili. Hakuomba nafasi katika mashindano. Aliyakataa mashindano yenyewe. Na wakati uliamua kati yao: Siti anaimbwa, naye Shaaban Robert akamwandikia wasifu, ilhali wazuri waliomcheka hawana hata majina.

Hapo ndipo kosa la pamoja la zile sauti mbili linapoonekana. Mmoja anasema mwembamba ndiye, mwingine anasema mnene ndiye, na wote wawili wameshika utepe wa kupimia. Shujaa mnene hahitajiki katika ngano ili achukue taji la mwembamba na kumwachia yeye matusi. Anahitajika ili msomaji azoee kuuona mwili wa mwanamke ukifanya mambo: ukipanda mlima, ukidanganya majini, ukivuka bahari, ukimtamani mtu na kutamaniwa, bila msimulizi kusimama kila ukurasa kuutolea hesabu. Ngano ikimtaja kuwa mnene, iwe kama inavyomtaja kijana kuwa mrefu, kisha safari iendelee.

Washairi wa pwani wanayo kazi hapa, nayo si ndogo. Orodha ya shingo, kiuno na meno imechakaa kwa kurithiwa; mshairi anayeinakili leo hamtazami mpenzi wake, anatazama daftari la babu yake. Amtazame mwenye mwili huo, amwandike anavyocheka, anavyokasirika, anavyobeba ndoo na mzigo wa dunia, na vina vitamfuata. Fundi wa viatu humpima mteja mguu ili akishone kiatu kimfae, wala hajapata fundi mwenye akili kumpima mteja ili ajue pa kumkata. Wale vijeba wa Grimm, wasiojua kusoma mashairi, walimkuta mwanamke amelala chini hana pumzi, na hawakujadiliana kama kiuno chake kimependeza. Walitafuta kisu, wakaikata kamba.