Staa wa Boti na Masomo Aliyoyakata Kwenye Video

Mjini hapa wiki nzima habari ni moja: yule mdada wa matangazo, mwenye sauti ya kubembeleza, kaenda Tanga na kurudi Dar kwa boti ndogo ya faiba. Siku 11, yeye na mashine yake ya nyuma basi. Hakuna nahodha, hakuna meneja. Wenye roho ya korosho wanasema kiki. Sio kiki bana. Dar mpaka Tanga ni karibu kilomita 200, hapo hujarudi, na hakuna anayetafuta kiki kwa kutapika siku nzima huku kashika mashine. Hilo apewe heshima yake.

Shida ni yale masomo saba aliyoposti baada ya kurudi. Jiamini. Kaa mbali na wenye gundu. Sikiliza moyo wako. Haya, moyo sawa, lakini bahari haisikilizi moyo wa mtu. Na ukikaa ukaangalia klipu zake zote kwa mpangilio, sio zile za muziki tu, masomo yenyewe yamo mle mle. Kayaruka.

Chukua suala la upepo. Kaondoka mwezi wa nane, kusi bado inavuma. Kwenda kaskazini ilikuwa inamsukuma mgongoni, boti inateleza, mtu anakula karanga zake. Kurudi ndio akaijua. Uso kwa uso na mawimbi, kila moja linaiinua boti na kuibwaga, kasi inashuka, petroli inayeyuka. Madumu aliyopiga hesabu kwa safari ya kwenda yakamwishia hata Saadani hajafika. Mvuvi yeyote wa Kunduchi angemwambia hilo bure kabisa.

Halafu kuna ile klipu iliyopendwa kuliko zote. Kasimama mbele ya boti, mikono juu, anacheza, mashine inaunguruma nyuma. Nani kaishika? Hakuna. Ile kamba nyekundu inayofungwa mkononi, ambayo ukianguka inachomoka na kuzima mashine, inaonekana kabisa inaning'inia nyuma kule. Jaketi okozi kalikunja kama mto wa kuegemea. Lingekuja wimbi moja tu la ubavuni, yeye majini, boti inaendelea na safari zake kuelekea Pemba, na hakuna mtu wa kuigeuza. Klipu hiyo ndiyo vijana wanaitumiana sasa hivi huku wakiulizana bei za boti za mtumba. Wengine hata kuogelea hawajui.

Kwenda, pale Saadani, maji yalikupwa akabaki na boti kwenye tope, saa sita hivi mpaka yakajaa tena. Akaandika "mapumziko". Hiyo tumsamehe, ilichekesha.

Ila kuna sekunde mbili ambazo hazisameheki kirahisi. Siku mafuta yalipoisha, kabla video haijarukia kwenye jua linalozama, inasikika sauti ya mwanaume: "Dada, shika kamba! Kamba hiyo, dada!" Ni wavuvi wa Pangani. Walimvuta mpaka ufukweni, wakampa dumu la lita 20 kutoka kwenye mafuta yao ya kutafutia riziki. Kwenye masomo saba hawamo. Maneno ya chini ya video yanasema: "Mimi na Mungu tu."

Yaani Mungu kaja na ngalawa ya mashine na dumu la njano, watu hawajamtambua?

Na kama wasingepita? Huko nje simu haikushika. Hakuna nchi kavu aliyeachiwa ratiba, hakuna aliyejua saa ngapi aanze kuhangaika. Hata mama yake mzazi alikuwa anajua mwanae yuko wapi kwa kuangalia stori, kama mashabiki wengine. Stori zikikatika siku mbili, mashabiki wanahamia kwa staa mwingine. Mama anahamia wapi?

Tetesi za mtaani zinasema safari ijayo ni Mafia. Mafia iko upande wa kusini, maana yake asipongoja upepo utulie, kile kilichomtesa kurudi ndicho atakachoanza nacho. Halafu ni kisiwa, lazima akate maji mapana. Wadhamini wameshaanza kupiga simu. Wale wavuvi wa Pangani, kwa taarifa zilizopo, dumu lao bado hawajarudishiwa.