Taa kali usiku: kwa nini balbu mpya humpofusha mwenzako na wewe mwenyewe huoni mbali

Anayetoka Bweni kuelekea Mwera na Ushongo baada ya swala ya isha anakutana na mambo mawili. La kwanza ni giza: minazi huku, mkonge kule, na kati yake watu wanaotembea kwa miguu, baiskeli isiyo na taa, mbuzi. La pili ni gari linalokuja mbele na taa nyeupe zinazochoma macho kiasi kwamba kwa sekunde kadhaa huoni barabara, huoni ukingo wake, wala huoni aliye pembeni.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituuliza kuhusu hizo taa. Madereva wanauliza balbu gani wanunue ili waone vizuri. Waenda kwa miguu wanauliza kwa nini kila mwenye gari siku hizi amewasha fulu. Kumbe mara nyingi dereva huyo hajawasha fulu. Yuko kwenye dimu, na anaamini hamuumizi mtu.

Tunalijadili suala hili sasa kwa sababu barabara inabadilika. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye kilomita 256, inajengwa kwa lami, pamoja na daraja la mita 525 la kuvuka Mto Pangani, mahali ambapo kwa miaka mingi safari imetegemea kivuko cha TEMESA. Kwenye vumbi na mashimo dereva hulazimika kwenda taratibu, na taa mbaya haimdhuru sana. Kwenye lami, gari la kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Macho yakipofuka kwa sekunde tatu tu, gari limekwenda mita 50 bila dereva kuona. Kwa mtu mzima wa miaka 60, macho huchukua muda mrefu zaidi kurudi.

Aliye hatarini zaidi hapo ni mtembea kwa miguu. Magari mawili yanapokaribiana, mtu aliye kando ya barabara anaweza kumezwa na mwanga na akapotea kabisa machoni mwa madereva wote wawili, huku yeye mwenyewe akiamini kwamba ameonekana kwa sababu amemulikwa.

Balbu haifanyi kazi peke yake

Taa ya gari si tochi. Ndani yake mna kioo cha kuakisi kilichokunjwa kwa hesabu, na hesabu hiyo inategemea mahali hasa ulipo waya mdogo unaowaka ndani ya balbu. Chukua balbu ya H4 ya halojeni, iliyomo kwenye magari mengi madogo na pikapu za huku kwetu. Ina nyaya mbili, mmoja wa dimu na mmoja wa fulu. Chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kazi ya kikombe hicho ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo, kwa sababu mwanga ukigonga pale hurushwa juu, machoni mwa anayekuja.

Ukitoa balbu hiyo na kuweka ya LED, chanzo cha mwanga kinabadilika umbo. Badala ya waya mwembamba unapata vipande bapa, kimoja kila upande. Mtengenezaji makini hujitahidi kuviweka palepale waya ulipokuwa. Asiye makini anakosea kwa milimita moja au mbili, na hiyo inatosha kuvuruga hesabu yote ya kioo. Mwanga unamwagika juu, kwenye minazi, na mwingine mwingi unaanguka mita chache mbele ya bampa. Dereva anaona weupe mwingi karibu yake na anafurahi. Lakini jicho likizoea weupe wa karibu, mboni hujibana, na kilicho mbali kinazidi kuwa giza. Ndiyo maana tunasema mtu anaweza kulipa fedha nyingi na akaona karibu zaidi kuliko zamani.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi zisikutishe. Balbu halali ya H4 hutoa takriban lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Ukikuta boksi limeandikwa lumeni 20,000, jiulize mwanga wote huo utakwenda wapi. Hata huko Ulaya jambo hili halikuachwa huria. Ujerumani ilianza mwaka 2020 kuruhusu baadhi ya balbu za LED za Osram kuwekwa kwenye taa za halojeni, lakini kwa aina za magari zilizopimwa tu. Balbu ileile kwenye gari jingine ambalo halikupimwa hairuhusiwi.

Kwa nini taa zako zimefifia

Hatumlaumu dereva anayetaka kuona. Anayepita njia ya Mkwaja usiku ana haki ya kutaka mwanga. Tunachosema ni kwamba mara nyingi balbu si tatizo lake.

Anza na kioo cha nje. Magari mengi yanayofika nchini yakiwa yametumika Japani yana taa za plastiki ngumu, na plastiki hiyo ikipigwa na jua kwa miaka inakuwa ya njano na yenye ukungu. Mwanga unaopita humo hupungua na kutawanyika ovyo. Ukiweka balbu kali nyuma ya plastiki yenye ukungu, taa nzima inageuka kuwa mpira wa mwanga. Fundi anayejua kazi husugua kwa msasa wa maji, kuanzia mkwaruzo mkubwa hadi laini kabisa, kisha anapaka dawa ya kuzuia jua. Dawa ya meno inang'arisha pia, lakini ukungu hurudi mapema kwa sababu hakuna kinachokinga. Japani kwenyewe gari halipiti ukaguzi ikiwa dimu haifikishi kandela 6,400 kwa kila taa, na kioo kilichofifia ni miongoni mwa sababu za kufeli.

Kinachofuata ni umeme, na hapa sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Upepo wa bahari unakula viungo vya waya, hasa ule wa ethi uliofungwa kwenye bodi. Kutu kidogo pale hupunguza volti zinazofika kwenye balbu, na halojeni haivumilii jambo hilo. Volti zikishuka kutoka 13.2 hadi 12, zaidi ya robo ya mwanga inapotea. Kusugua kiungo cha ethi mpaka kiwe cheupe na kukikaza upya huchukua dakika chache. Tungependa kila dereva wa Pangani afanye hivyo kabla hajanunua chochote.

Wengine hununua halojeni ya wati 100 mahali pa wati 55 au 60. Hiyo tunaikataa waziwazi. Umeme unaopita unakaribia mara mbili ya ule waya na swichi vilivyotengenezewa. Soketi inayeyuka, na fundi akiona fyuzi inakatika anaweka kubwa zaidi. Fyuzi isipokatika, kinachoungua ni waya.

Mzigo unainua taa

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni namna tunavyopakia. Taa iliyorekebishwa vizuri hushuka karibu sentimita 10 kwa kila mita 10 mbele ya gari. Sasa fikiria Probox, ambayo toka tairi la mbele hadi la nyuma ni kama mita mbili na nusu. Weka abiria, magunia na ndoo za samaki, nyuma inazama sentimita tano. Taa za mbele zinainuka, na ule mwanga uliokuwa chini kwa sentimita 10 sasa uko juu kwa sentimita 10. Hapo balbu haijabadilishwa, lakini kila anayekutana na gari hilo analalamika. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi chenye namba 0 hadi 3 au zaidi. Ni cha kushusha taa gari likiwa na mzigo. Wenye magari wengi hawajawahi kukigusa.

Kwa bodaboda hali ni mbaya zaidi, maana pikipiki ni fupi. Nyuma ikizama sentimita tano, mwanga unapanda kama sentimita 40 kwa mita 10. Na pikipiki nyingi ndogo taa yake hufifia injini ikipungua kasi, kwa hiyo kijana anafunga taa mbili za LED kwenye ngao ya mbele, zikiangalia juu, kwenye swichi moja na taa kubwa. Tunamwelewa. Azifunge ziangalie chini, kwa swichi yake peke yake, na azizime anapokutana na mtu.

Pima ukutani

Tafuta ukuta ulio mbele ya sehemu tambarare, shule au godauni. Pakia gari kama unavyosafiri. Simama mita tano kutoka ukutani, washa dimu, na uweke alama ya chaki kwenye kimo cha katikati ya taa. Unatakiwa kuona mpaka ulio wazi kati ya mwanga na giza, ulio chini ya alama kwa sentimita tano, ukipanda kidogo upande wa kushoto ili kumulika ukingo wanakotembea watu. Ukipanda upande wa kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazopita kulia, kama za Ulaya bara au Ghuba, na itamchoma kila anayekuja. Hapo dawa ni kubadilisha taa nzima.

Kama mpaka upo lakini uko juu, kuna skrubu nyuma ya taa. Bisibisi inatosha. Kama hakuna mpaka kabisa, ni mwanga tu umetapakaa, balbu hiyo haifai kwenye taa hiyo. Baadhi ya balbu za LED huzungushwa. Vipande vyake vinatakiwa kuangalia kulia na kushoto, si juu na chini. Zungusha, pima tena. Ikishindikana, irudishe dukani. Kabla ya kununua, kubaliana na muuza spea kwamba utaipima ukutani siku hiyohiyo, naye aandike kwenye risiti.

Ukikutana na anayekupofusha, usimrudishie fulu, maana mtakuwa vipofu wawili. Punguza mwendo na uangalie ukingo wa kushoto mpaka apite. Anayetembea amulike ardhi kwa tochi ya simu na avae cha rangi nyeupe.

Upande wa usimamizi, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ipo, na Jeshi la Polisi limekuwa likikamata ving'ora na vimulimuli. Lakini askari anayesimamisha gari mchana huona taa nzima au taa iliyovunjika. Mwelekeo wa mwanga hauonekani mchana. Ukuta uliochorwa mistari pale Bweni, mahali gari hungoja kivuko, ungegharimu kopo la rangi, na ungetumika kila jioni kabla hata daraja halijafunguliwa.