Sekunde moja inavyoweza kupeleka kiraka pasipo na shimo

Malori ya Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hupita Manyoni na Singida mjini, kisha hushuka mlima Sekenke kuelekea Shelui na Nzega. Barabara hiyo kuu iko chini ya TANROADS, na matengenezo yake hutegemea Mfuko wa Barabara, unaochangiwa na tozo ya kila lita ya mafuta. Kabla fedha hazijagawanywa, lazima ijulikane wapi pameharibika.

Kazi hiyo siku hizi hufanywa na gari lenye vifaa kadhaa: leza inayopima umbali hadi kwenye lami, kipima mtikisiko, kamera, GPS na kihesabu mizunguko ya gurudumu. Je, vyote vinasoma saa moja?

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Kila sekunde linakwenda mita 22. Picha ikichelewa sekunde moja, shimo litaandikwa mita 22 mbele ya mahali lilipo. Katika mpando wa Sekenke, kwa kilomita 20 kwa saa, kosa hilohilo ni chini ya mita 6. Kwa hiyo huwezi kurekebisha kwa kusogeza picha zote umbali mmoja.

Tofauti nyingine imejificha. Tangu 2017, saa ya GPS imeitangulia saa ya kawaida ya dunia kwa sekunde 18. Kifaa kimoja kikifuata GPS na kingine saa ya kawaida, kwa mwendo huo kosa linafika mita 400.

Leza na kipima mtikisiko ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Gari lenyewe hurukaruka, na mruko huo hutolewa katika hesabu ya leza. Visipokwenda pamoja, mruko wa gari huhesabiwa kuwa ubovu wa barabara.

Dawa inajulikana: vifaa vyote vifuate mpigo mmoja ambao GPS hutoa kila sekunde, na gurudumu liamuru kamera ipige picha kila baada ya umbali maalumu.

Kuhakiki si gharama kubwa. Gari lipite daraja moja, kwenda na kurudi. Daraja likitokea sehemu mbili kwenye ramani, saa hazijapatana. Tunaona jaribio hilo liwe sharti kabla mpimaji hajalipwa, kwani tozo tumekwishalipa kituoni.