Kompyuta Wodini Imtumikie Muuguzi

Hapana shaka kwamba kuingia kwa kompyuta katika hospitali za umma ni hatua ya maendeleo. Ofisi ya Rais - TAMISEMI ilipousambaza mfumo wa GoTHOMIS katika hospitali za halmashauri, sifa yake ya kwanza ilikuwa kukuza makusanyo na kuziba mianya ya upotevu wa dawa. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini chombo kinachosifiwa kwa jicho la mhasibu si lazima kiwe kimemtosheleza muuguzi.

Muuguzi kiongozi wa wodi anapopokea zamu haulizi ni fedha kiasi gani zimelipwa. Huuliza waliolazwa ni wangapi, nani hali yake imebadilika usiku, damu gani imeagizwa, na kama wauguzi waliopo wanawatosha wagonjwa waliopo.

Katika ukanda wa dhahabu, tangu Kakola mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu mkoani Geita, maswali hayo hayana subira. Kifusi kikiporomoka katika maduara ya wachimbaji wadogo, majeruhi hufikishwa hospitali kwa mkupuo. Asubuhi yake, muuguzi kiongozi akifungua kompyuta akakuta bili kamili na maelezo ya uuguzi nusunusu, atarudi kwenye daftari la makabidhiano, wala hastahili lawama.

Liko pia suala la kazi kufanywa mara mbili. Vitabu vya MTUHA, mfumo ulioanza miaka ya 1990, vimelisaidia sana taifa kujua hali ya afya ya wananchi. Lakini pale vinapojazwa sambamba na kompyuta, muuguzi kiongozi hulazimika kila mwisho wa mwezi kukaa na rula na kalamu akijumlisha tarakimu ambazo mashine ilikwisha kuzimeza. Saa hizo zinaporwa kitandani kwa mgonjwa. Na wodi yenye kompyuta moja huzaa ugonjwa mwingine: wauguzi kuazimana nywila, hata kumbukumbu ikabeba jina la asiyetoa dawa.

Mchimbaji naye hufuata mwamba. Vumbi la mawe humweka katika hatari ya kifua kikuu, ambacho matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Akianza dawa Geita kisha akahamia Kahama, kumbukumbu zake zisipomfuata, muuguzi anayempokea huanza upya. Bukombe ilikuwa Shinyanga hadi mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Maradhi hayakuhamishwa na mpaka huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai siri ya mgonjwa itunzwe, nayo isigeuzwe kisingizio cha kumnyima tiba.

Wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu hawana budi kuwaketisha wauguzi viongozi pamoja na mafundi wa mfumo kabla ya marekebisho yoyote mapya, na kuwauliza ni taarifa ipi wanayotaka kuiona saa moja na nusu asubuhi.