Chuku Mbili: Majaribio ya Tiba na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi yeyote wa fasihi akiulizwa maana ya chuku atajibu bila kusita kuwa ni tamathali ya usemi inayolitia jambo chumvi kupita kiasi. Ni wachache watakaokumbuka kuwa chuku ni pia pembe ya kuumikia, ibandikwayo kwenye ngozi iliyochanjwa ili kuvuta damu na kumpunguzia mgonjwa maumivu. Neno moja limebeba tiba na likabeba ukuzaji wa maneno. Makala haya yanadai kuwa chuku hizi mbili zimekutana tena katika zama zetu, pale ambapo tiba kama kuumika, kukanda na kudunga sindano za Kichina zinapolinganishwa na tiba ya hospitali. Na kwamba Kiswahili chetu bado hakijajiandaa kuzitenga.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka wa 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio kubwa, maarufu kwa jina la GERAC, lililowahusisha wagonjwa 1,162 waliokuwa wameumwa na kiuno kwa takriban miaka minane kwa wastani. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilidungwa sindano katika sehemu zinazotajwa na utabibu wa Kichina. La pili lilidungwa pia, lakini kijuujuu na katika sehemu zisizotambuliwa na utabibu huo. Wagonjwa wa makundi haya mawili hawakujua ni sindano zipi walizopewa. La tatu lilipata matibabu ya kawaida, yaani dawa, tiba ya viungo na mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili na 27.4 katika la tatu.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenye kuuza sindano atashika takwimu ya kwanza na ya tatu, atangaze kuwa sindano zimeibwaga hospitali. Mpinzani wake atashika ya kwanza na ya pili, aseme kuwa utabibu wa Kichina ni mazingaombwe matupu, maadamu popote udungapo ni sawa. Wote wawili wanapiga chuku. Wa kwanza anaficha kuwa mahali pa kudunga hapakuleta tofauti kubwa, na kuwa kundi la tatu lilijua fika kwamba halikupata sindano. Wa pili anaficha kuwa watu walioteseka kwa miaka walipata nafuu. Hata mamlaka zenyewe hazikuafikiana: nchini Ujerumani bima ya afya ya umma ilianza kugharimia sindano hizo kwa maumivu ya kiuno na ya goti mwaka wa 2007, ilhali nchini Uingereza taasisi ya NICE ilizipendekeza kwa maumivu ya kiuno mwaka wa 2009, kisha ikaliondoa pendekezo hilo mwaka wa 2016.

Je, Mswahili atayasimuliaje haya kwa lugha yake? Hapo ndipo penye kizungumkuti. Tiba ile ya kundi la pili aghalabu tutaiita tiba bandia. Lakini nchini Kenya dawa bandia ni ile ya mhalifu anayeuza chaki badala ya vidonge. Mgonjwa akiambiwa kuwa huenda akapewa tiba bandia, ana haki ya kutimua mbio. Kugawanya wagonjwa kwa bahati nasibu nako kunanuka kamari. Tena tunasema tiba mbadala, nalo neno mbadala humaanisha kitu kinachoshika nafasi ya kingine. Mgonjwa akilifuata neno hilo kikamilifu, ataacha kwenda hospitali, ilhali maumivu yake ya mgongo huenda ni dalili ya kifua kikuu cha uti wa mgongo. Neno baya laweza kuua.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni ya madaktari. Sikubaliani nao. Azimio la Helsinki la 1964 linataka mshiriki wa utafiti aelezwe kinachofanyika kabla ya kutoa ridhaa yake. Kule Kilifi, ambako KEMRI na washirika wake wamekuwa wakiendesha utafiti tangu mwaka wa 1989, maelezo hayo sharti yamfikie mtu asemaye Kigiriama au Kiswahili. Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Isitoshe, Sheria ya Afya ya 2017 imeitengea tiba asilia na tiba mbadala sehemu yake. Pakitokea siku ya kuipima pembe ya mwumishi wa Lamu au Mombasa kwa mizani ya jaribio, nani atakuwa ameyaandaa maneno?

Ninapendekeza tuanze na matatu. Kwanza, tiba kivuli badala ya tiba bandia, kwa kuwa kivuli kina umbo la kitu ila hakina mwili wake, wala hakimwibii mtu. Pili, kugawanya kwa kura, kwani kura ilikuwa njia ya kuondoa upendeleo kabla haijawa ya kuchagua wabunge. Tatu, tiba jalizi kwa ile inayoandamana na ya hospitali, neno mbadala libaki kwa ile inayoiondoa. Wenzangu na wahadhiri wetu wanaweza kuyakosoa, kuyachuja au kuyatupa, mradi walete yaliyo bora.

Alhasili, sisi tumefunzwa kuitambua chuku katika shairi na katika tendi. Tusiifumbie macho inapovaa koti jeupe au inapobeba pembe. Mgonjwa wa kiuno anayesubiri kuelezwa hana haja ya tamathali; ana haja ya ukweli, tena kwa lugha anayoielewa.