Wafu wa Vita Waimbiwe kwa Lugha Gani?

Kila tunapotaja, sisi walimu wa Kiswahili hapa Bukoto, haja ya kutunga wimbo mkubwa wa kwaya wa kuwakumbuka waliokufa vitani, hujibiwa mambo mawili. Ati Kiswahili ni lugha ya kambini, hakijui kulia. Na ati lahani itungwe kwanza, maneno yatatafutwa baadaye. Twayakataa yote mawili.

Hatukani kwamba katika Uganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa mwenye bunduki, wala kwamba amri ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa ilitoka kwa Idi Amin. Lakini mwenye bunduki naye alikufa, na mchukuzi aliyembebea unga alikufa zaidi yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wachukuzi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, ambako watu hununua nyanya bila kulifikiri. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mganda, Mkamba na Mluo walipokutana chini ya mzigo mmoja waliitana kwa Kiswahili. Basi waombolezwe kwa lugha ipi?

Tena asemaye hakijui kulia hajasoma. Shaaban Robert alitunga utenzi mzima juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Henry Muhanika alitunga utenzi wa Vita vya Kagera, uliochapishwa mwaka 1981. Ushairi tunao; tusichonacho ni mshairi na mtunzi wa muziki walioketi meza moja.

Hapa ndipo panapotuuma. Mwalimu wa kwaya hutuletea lahani iliyokwisha, aghalabu ya Kizungu, akitaka maneno "yanayoingia". Yaingie wapi? Katika *walikufa* mkazo u juu ya *ku*. Lahani ikipanda kwenye *fa*, neno limevunjwa shingo. *Barabara* ukiikaza silabi ya tatu ni njia. Ukiikaza ya pili ni sawasawa. Na *nchi* je? Mshairi huihesabu mizani miwili. Mtunzi aliyefunzwa kwa nyimbo za Kiingereza huipa noti moja, *n* ikamezwa, na kipande cha mizani minane kikaimbwa kwa saba. Wanafunzi wetu huyasikia makosa hayo jukwaani, kisha hutuuliza darasani kwa nini tunawasahihisha.

Washairi nao wasijitoe lawamani. Mtu huleta beti arobaini, akaziacha mezani, akaenda zake. Kwaya ya sauti nne haitaki beti arobaini. Yataka neno fupi linalovumilia kurudiwa, na irabu iliyo wazi mwishoni, ambayo Kiswahili kimejaliwa kuliko lugha nyingi.

Huko Uingereza, Benjamin Britten alipotunga misa yake ya vita, iliyoimbwa Coventry mwaka 1962, aliyatumia mashairi ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kwisha. Owen hakuweza kutetea hata mstari mmoja. Washairi wetu wako hai, nasi twawatendea kama maiti! Na asiseme mtu kwamba kazi ya ukubwa huo si ya kwetu: Joseph Kyagambiddwa alitunga kwa Kiganda kazi kubwa ya kwaya juu ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu.

Lakini Kyagambiddwa alikuwa na majina ya kuimba. Sisi hatuna. Mchukuzi asiye na jina aimbwe kwa lipi? Kwa uzito wa mzigo, kwa mto aliouvuka, kwa unga alioubeba asiule? Swali hilo mshairi hawezi kulijibu peke yake, kwa kuwa pengine jibu ni kimya cha mapigo manne ambacho mtunzi wa muziki tu ndiye anayeweza kukiandika.

Twadai basi kwamba chama chetu kiagize kazi hii, na wawili hao walipwe sawa. Siku ya kwanza kinanda kifungwe. Mshairi asome kwa sauti, na mtunzi asikilize.